Tone Moja la Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa na mwanangu niandike rangi. "Mama, kila ukichanganya andika umeweka nini, matone mangapi, ili tukikosea tujue tulikosea wapi." Nikamwambia sawa, lakini kurasa ni mia na rangi za meli ni tano, kwa hiyo zitakazobaki ni zangu.

Basi niseme kwanza ya kwangu. Mwanangu ametengeneza meli ya vita ya zamani, zile za matanga, milingoti mitatu, urefu wake kama meza ya kulia. Ina mizinga sabini na minne, nimeihesabu mwenyewe, kila mmoja mwembamba kama njiti ya kiberiti. Ameijenga miaka minne katika chumba cha nyuma, jioni akitoka kazini. Kazi yake ya mchana ni kutengeneza majeneza. Hata huko ni bingwa, hakuna maiti aliyewahi kurudi kulalamika. Lakini mikono kama ile haikuumbwa kupima wafu mpaka uzee.

Mwezi uliopita alikuja mtunzaji wa makumbusho, mama mmoja mrefu, miwani yake ina kamba. Meli ilikuwa bado mbao tupu. Akaizunguka mara tatu. Kisha akasema: ikipakwa rangi za kweli, zilizotumika enzi hizo, siyo za kubuni, itakaa katikati ya ukumbi mpya unaofunguliwa mwisho wa Aprili, na fundi wake ataajiriwa kwenye karakana ya makumbusho. Moja kwa moja!

Nimeshamwambia Mama Pacha, jirani. Nimemwambia mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa anaanika nguo na sikuona kama ilimwingia sawasawa.

Mvua imeanza leo.

Alhamisi, 6 Machi

Kuna jambo Mama Pacha halijui, na makumbusho hawalijui. Mwanangu haoni nyekundu. Nyekundu, kijani, hudhurungi, kwake ni udongo mmoja. Alizaliwa hivyo.

Tuligundua akiwa darasa la pili. Mwalimu aliwaambia wachore mti, yeye akaupaka majani mekundu, darasa zima likacheka. Alikuja nyumbani na ile karatasi akaniuliza, "Mama, mti wangu una nini?" Nilichukua kisu nikachonga penseli zake. Mkato mmoja nyekundu, miwili kijani, mitatu hudhurungi. Na pale anapotakiwa kuchagua mbele za watu, anapitisha kidole polepole, mimi nasimama nyuma. Kidole kikifika penyewe, nakohoa. Madukani tulifanya hivyo, kwa wauza viatu, popote. Hata aliyekuwa mke wake hakuwahi kujua. Alidhani nina kifua.

Miaka thelathini sijakosea hata mara moja. Na nisingekosea, mimi nimeshona sare za shule maisha yangu yote, uzi na kitambaa nalinganisha nikiwa napiga soga.

Leo nimechonga vifuniko vya makopo ya rangi. Mkato mmoja, miwili, mitatu, kama zamani. Mtu mzima wa miaka thelathini na saba akapapasa vile vifuniko kwa kidole gumba, akacheka.

Jumapili, 9 Machi

Karatasi ya makumbusho imefika. Ameisoma kwa sauti, mimi nachambua mchele.

Ubavuni mistari ya njano, lakini siyo njano ya ua, ni njano ya udongo wa mfinyanzi. Katikati ya mistari nyeusi. Chini, sehemu inayozama majini, rangi ya shaba iliyochakaa. Nyeupe isiwe safi, iwe kama meno ya mtu mzima. Na ndani, kwenye kuta zinazoonekana nyuma ya mizinga, nyekundu. "Nyekundu ya udongo, iliyotulia, isiyong'aa, kama tofali kuukuu lililolowa."

Nikasema jamani, meli ya maana hivi, mbona tunaipaka matope? Tuwawekee nyekundu inayoita, mtu aione tangu mlangoni!

"Mama, hii meli haiendi harusini."

"Hata msibani watu hupendeza."

Akanieleza. Watu husema kuta zile zilipakwa nyekundu ili damu isionekane watu wakifa vitani. Yeye anaona sababu ilikuwa nyepesi zaidi, rangi ya udongo ilipatikana kwa urahisi, basi. "Lakini huyu mama anajua kila kitu, Mama. Ile nyekundu ndiyo atakayoitazama."

Jumanne, 11 Machi

Njano: matone ishirini. Hudhurungi: matone matano. Nyeupe: matatu. Imekubali. Njano mwenyewe anaiona vizuri, aliitazama akasema ndiyo hiyo.

Mvua.

Jumatano, 19 Machi

Nilisema nakwenda sokoni. Nilikwenda kliniki ya macho.

Daktari ni kijana, mpole. Alinimulika kwa taa yake, jicho hili, jicho lile, akaketi. "Bibi, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

Nikamwambia mimi nina mtoto mmoja tu, na anatengeneza meli. Hawa wawili wametoka wapi? Akacheka, lakini hakubadili maneno. Akaniuliza kama naona vitu vimekuwa vya kahawia, kama natazama kupitia glasi ya chai. Nikasema hapana, mimi ni mshonaji. Akanipa sindano na uzi. Nilijaribu mpaka wagonjwa wa nyuma wakaanza kuguna. Nikamwambia siku hizi wanatoboa matundu madogo.

Nitapasuliwa, tena si jambo kubwa, lakini foleni ni ndefu. Jina langu litafika Mei. Ukumbi unafunguliwa kabla.

Sikumwambia mwanangu, na naandika sababu yake hapa ili isije ikasemwa nilifanya kwa ujinga. Nikimwambia, atakwenda kule kule makumbusho kusema, "Sioni rangi, na mama yangu naye sasa haoni." Namjua, hana hata uongo wa kuazima. Watamuuliza, wewe na rangi wapi na wapi? Kisha atarudi kwenye majeneza yake. Miaka minne itakuwa imekwenda na maji.

Macho haya yameniendesha miaka sitini na minne. Hayawezi kunivumilia miezi miwili?

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Balbu ya chumba cha nyuma imechoka. Nimemwambia abadilishe.

Jumamosi, 22 Machi

Amebadilisha. Hata hii mpya haina nguvu.

Jumatano, 26 Machi

Nyeupe: nimeacha kama ilivyotoka kwenye kopo. Kwangu imeshakuwa ya meno. Yeye akasema, "Mama, hii bado ni ya maziwa," akaongeza njano mwenyewe. Nikasema ah, hilo kopo lina vumbi tu juu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemimina chai pembeni ya kikombe. Si kidogo, karibu nusu birika, ikatiririka mpaka kwenye mkeka. Nikasema mkono umeteleza. Mwanangu alinitazama kitambo. Kisha akachukua kitambaa akafuta, akamimina yeye.

Leo ameandaa jeneza dogo, la mtoto. Siku za hivi, harudi na maneno mengi.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo ndiyo nyekundu.

Nyekundu ya kopo ina kelele, inataka kushushwa. Na njia ya kuishusha ni kijani. Hilo alinifundisha yeye, alilisoma, ingawa mwenyewe hawezi kuliona. Kijani kidogo kinaizima nyekundu bila kuipa weusi. Nimekaa dirishani na kibakuli. Mawingu yameziba, saa sita mchana kama magharibi.

Nyekundu: thelathini. Hudhurungi: nne. Kijani: moja.

Bado ilikuwa nyekundu mno. Kijani: mbili. Bado. Nilifumba macho nikawaza tofali lililolowa, nikafumbua, bado kibakuli kizima kina wekundu. Tatu. Nne. Sita. Kila nikitazama, wekundu hauondoki. Nikafuta miwani. Nikahamia mlangoni. Wekundu upo hata mlangoni, upo kwenye ukuta, upo kwenye mkono wangu.

Baada ya tone la tisa sikuandika tena.

Jioni nikaona sasa imetulia.

Jumatatu, 7 Aprili

"Mama, una uhakika?"

"Tangu lini mama yako akakudanganya rangi?"

Akashika brashi. Brashi ya nywele tatu, anaipitisha kwenye kidirisha cha mzinga kisichozidi ukucha, bila kugusa kingo. Anashusha pumzi, anapaka, anavuta pumzi. Nimemtazama saa nzima. Mtu akiniuliza nimefanya nini duniani, nitamwonyesha mgongo wa huyu mtu akiwa ameinama pale.

Hiyo "uhakika" alivyoiuliza, haikuwa kama siku zote. Nimeiona lakini sikuishika.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Rangi haijakauka.

Ijumaa, 11 Aprili

Haijakauka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemwita Mama Pacha aje aone. Mwanangu alikuwa kazini. Nikafunua shuka kama anayefunua bibi harusi. Alipiga vigelegele, haki yake nampa. Akasifia kamba, akasifia mizinga. Kisha akainama.

"Shoga, mbona huku ndani kama kuna kuvu?"

"Kuvu gani? Hiyo ni nyekundu ya kihistoria."

"Nyekundu?" Akanitazama, akaitazama meli, akanitazama tena. "Mimi naona kijani, bwana. Kama ukuta wa bafuni kwangu."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia tangu watoto wake wakatae shule hajawahi kufurahia cha mtu. Akanyanyua kanga yake akaondoka, hakugeuka. Wivu huo! Wivu mtupu.

Nimechukua kifuniko nilichojaribia rangi, nikaenda nacho barabarani, peupe kabisa, mvua inaninyeshea. Nimekitazama mpaka macho yakatoa machozi. Kwangu ni tofali. Ni tofali lililolowa.

Lakini mkono wangu nao ulikuwa tofali.

Alhamisi, 17 Aprili

Nilitaka kumwambia leo. Alirudi amelowa, akasema mwajiri wake amemwambia akishakwenda makumbusho asiwasahau. Alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka vile tangu mkewe aondoke.

Sikusema.

Jumamosi, 26 Aprili

Mtunzaji wa makumbusho amekuja. Nitaandika yote, hata yanayonichoma.

Saa nne asubuhi, mvua inapiga bati kiasi cha watu kusemezana kwa sauti. Mtunzaji alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda. Mwanangu akafunua meli. Yule mama akazunguka mara moja, mara mbili.

"Njano hii safi sana, fundi."

"Asante, Madamu."

"Nyeupe umeipata. Shaba hii umeichakazaje hivi?"

"Kwa subira, Madamu."

Mimi pale nyuma nimevimba, sikuenea mlangoni. Nilitamani Mama Pacha awepo.

Kisha akatoa kurunzi ndogo mkobani, akainama, akamulika kwenye vidirisha vya mizinga. Kimoja. Kingine. Akahamia upande wa pili.

"Fundi, huku ndani umepaka rangi gani?"

"Nyekundu ya udongo, kama karatasi ilivyosema."

"Nyekundu?"

"Iliyotulia, Madamu."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa, kisha akaona hakuna utani. Akafungua mkoba akatoa kadi za rangi, akazipanga mezani kama karata. Zilikuwa kumi na mbili. "Huenda hatukuelewana. Nionyeshe hapa uliyokusudia."

Mwanangu akanyoosha kidole. Akaanza kushoto, polepole, kama tulivyofanya dukani akiwa na miaka minane. Mgongo wake ulikuwa umenielekea. Alikuwa akisubiri.

Mimi nilikuwa natazama kadi kumi na mbili zilizomwagiwa chai. Hii kahawia. Ile kahawia. Ile kahawia zaidi. Kidole kikapita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaona ya tano kama ina ule uzito wa tofali. Nikasema moyoni, hiyo, ni hiyo, lazima iwe hiyo.

Nikakohoa.

Kidole kikasimama. Hakikutetemeka. "Hii hapa," akasema.

Yule mama akaichukua ile kadi, akaishika karibu na uso wa mwanangu, kwa upole, si kwa kumsuta.

"Hii ni kijani, fundi. Kijani cha majani makavu. Ndiyo uliyoipaka." Kisha akauliza taratibu, "Wewe rangi unaziona?"

Nikafungua mdomo. "Mwanangu hana kosa, kosa ni la..."

"Mama," akasema bila kugeuka, "tuletee chai."

Hajawahi kuniamrisha maishani mwake. Nilikwenda. Kutoka jikoni nilimsikia. "Nyekundu siioni, Madamu. Sijawahi kuiona."

"Kwa nini hukusema? Tungekupa msaidizi."

"Nilikuwa na namna yangu."

"Namna gani?"

"Nzuri. Ilinifikisha mbali. Imeisha tu."

Hakunitaja. Niliposogea na sinia, yule mama alikuwa anavaa viatu. Aliniaga vizuri. Aliniita mama yangu.

Mwanangu akairudisha shuka juu ya meli. Aliivuta mpaka kwenye kona zote, akalainisha mikunjo kwa kiganja, kama anavyowafanyia wale wengine, wa kazini kwake.

Jumapili, 27 Aprili

Nimemwambia kila kitu, kliniki, sindano, matone. Akasema, "Sawa, Mama." Akaenda kulala mchana.

Ijumaa, 2 Mei

Barua ya makumbusho. Maneno ni mazuri. Muda hautoshi kupaka upya, ukumbi umefunguliwa, katikati wameweka nanga kuukuu. Nafasi ya karakana imepewa mtu mwingine. Mikono yake hawajawahi kuona mfano wake, ndivyo walivyoandika, na nilimwambia aisome tena sehemu hiyo.

Aliisoma tena. Kisha akaenda kazini. Msimu huu wa mvua majeneza ni mengi.

Jumanne, 6 Mei

Jicho la kulia limepasuliwa. Aliyenishika mkono kwenda na kurudi ni Mama Pacha. Alikuja alfajiri bila kuitwa, akasimama mlangoni. "Vaa viatu, twende."

"Shoga, yale maneno yangu ya siku ile..."

"Nilisikia. Mimi masikio yangu hayana ugonjwa. Vaa viatu."

Hili nimemwandikisha mwanangu, kwa kuwa nina bendeji. Ameandika bila kubadili neno.

Alhamisi, 8 Mei

Wametoa bendeji. Jamani, hivi dunia ndivyo ilivyo?

Mashuka yangu ni meupe. Balbu ya chumba cha nyuma ni kali mno, haikuwa na ubaya wowote. Kuna vumbi kila kona, na watu wamekuwa wakiingia humu wananisifia usafi. Mwanangu ana mvi. Nyingi, pembeni mwa masikio. Na shati lake la kutokea, nililomchagulia mimi mwaka juzi nikamwambia ni la bluu ya kiungwana, ni la zambarau.

Nilikwenda nikafunua meli peke yangu, nikainama pale alipoinama yule mama.

Kuvu. Mama Pacha alisema kweli, na hata alinionea huruma. Mizinga sabini na minne imechungulia kutoka kwenye bafu lililoota kuvu. Na kingo zake zote zimenyooka, hakuna hata tone lililovuka mstari. Amepaka kosa langu kwa ustadi kuliko mtu mwingine anavyopaka haki.

Jumapili, 11 Mei

Mvua imekatika. Tulikaa chumba cha nyuma, mlango wazi. Aliniuliza, "Ilikuwa mbaya kiasi gani, Mama?"

Siku zote ningesema si mbaya. "Mbaya sana," nikamwambia. "Inatia kichefuchefu."

Akacheka. Akachukua msasa mdogo, akaanza kukwangua kuta za ndani, kidirisha kimoja kimoja. Nikamuuliza anafanya nini, makumbusho wameshamalizana nasi. "Najua," akasema, "lakini siwezi kuiacha ikae hivi."

Nilimtazama kwa jicho langu jipya mpaka nikapata nguvu.

"Ulijua kwamba macho yangu yameharibika?"

"Tangu siku ile ya chai."

"Hata siku ya kadi ulijua?"

"Hata siku ya kadi."

"Sasa kwa nini ulifuata kikohozi changu?"

Hakuinua kichwa. Alipuliza vumbi la rangi, kijani kikamwangukia magotini, asikione.

"Mama, ningefuata cha nani?"

Nimetoka nje nikakaa kidogo. Nimerudi nikachukua kibakuli, nikakaa dirishani penye jua. Naandika kama alivyoniomba tangu mwanzo, ili hata nisipokuwepo, au jicho hili nalo likinikana, aweze kuhesabu mwenyewe.

Nyekundu (mkato mmoja): matone thelathini.
Hudhurungi (mitatu): manne.
Kijani (miwili): tone moja. Usiongeze.